Kuchagua bisibisi ya betri kwa kazi za nyumbani: mwongozo kwa mkaazi wa Lamu

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi na kuuliza bisibisi ya betri, muuzaji hukuwekea mbele mashine mbili tatu kisha akaanza kukutajia volti. Ukiziacha volti zikuamulie, utarudi nyumbani na mashine nzito kuliko haja yako, au dhaifu kuliko mlango wako. Hapa tutaanzia nyumbani, kwenye skrubu na mbao zenyewe, ndipo tuende dukani.

Niseme mapema ninakoelemea. Kwa nyumba nyingi za hapa, iwe Mkomani, Langoni au Shela, ningechukua drili ndogo ya betri ya volti 12 yenye klachi (pete inayoachia skrubu ikishakaza) na mwendo wa aina mbili, na pesa zinazobaki zikaenda kwenye biti nzuri, zile ncha za chuma zinazotiwa kichwani mwa mashine, na skrubu zisizoshika kutu. Bisibisi ndogo ya volti 3.6 ina watu wake, na ya volti 18 ina watu wake pia. Tutawafikia.

Hatua ya kwanza: kagua skrubu na mbao za nyumbani

Chukua kalamu na rula, pita chumba kwa chumba. Andika kazi unazozijua: bawaba ya kabati iliyolegea, komeo la dirisha, kifuniko cha swichi, fremu ya wavu wa mbu, fimbo ya pazia, rafu ya jikoni. Mbele ya kila kazi andika urefu wa skrubu na aina ya mbao. Skrubu za bawaba za kabati mara nyingi ni fupi, milimita 16 hivi. Za komeo na kitasa hufika milimita 30 au 40. Za fremu ya mlango huenda milimita 70 na zaidi, na hapo ndipo mashine ndogo huanza kulia.

Aina ya mbao ina uzito kuliko urefu wa skrubu. Saiprasi na msonobari ni laini, na hata bisibisi ya mkono inatosha kama una subira. Mbambakofi, msaji na mvule ni kisa kingine. Jaribu kwa ukucha: tafuta mahali pasipo rangi, nyuma ya mlango au chini ya rafu, ubonyeze kwa nguvu. Ukucha ukiacha alama, mbao ni laini. Usipoacha kitu, jua kwamba skrubu haitaingia humo bila kutobolewa tundu kwanza, na bisibisi isiyoweza kushika biti ya kutobolea itakufaa nusu ya kazi tu.

Kisha ukuta. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake plasta ya chokaa. Ukuta kama huo hauhitaji drili kubwa ya kugonga. Biti ya ukutani yenye ncha ngumu, mwendo wa polepole, na mkono uliotulia vinatosha mara nyingi. Shida yake ni kinyume cha ugumu: jiwe lina vitundu, plasta inamomonyoka, na fisha ya plastiki, ile inayotiwa tunduni ili ishike skrubu, huzunguka ndani ya tundu bila kushika. Dawa ni kutoboa kwa kina zaidi ili ulipite plasta ulifikie jiwe, au kupigilia kigingi cha mbao ngumu ndani ya tundu na kufunga skrubu kwenye kigingi hicho. Nyumba mpya za bloku za saruji ndizo zinazotaka mashine yenye kugonga. Kama nyumba yako ni ya bloku na una rafu nyingi za kutundika, liandike hilo kwa herufi kubwa kwenye orodha yako.

Na kama mlango wako ni wa nakshi wa zamani, uache. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na milango ni sehemu ya sababu yake. Komeo la kisasa litafutiwe fundi seremala anayejua kulifunga bila kuupasua ubao, au liwekwe kwenye mlango wa ndani.

Hatua ya pili: jua unachagua kati ya nini na nini

Ya kwanza ni bisibisi yenyewe, ya volti 3.6 au 4. Ni nyepesi, inaingia kwenye droo ya jikoni, na nguvu yake ya kuzungusha huwa kati ya nyutoni-mita 3 na 6 hivi. Bosch ilipotoa IXO mwaka 2003, ya volti 3.6 na betri ya lithiamu, ndipo aina hii ilipoanza kupendwa majumbani. Inafungua na kufunga kabati, swichi, vitanda vya kuunganisha na vidude vya watoto. Haitoboi kitu cha maana. Mzee anayeumwa na viganja, au mpangaji ambaye kazi yake ni kukaza skrubu zilizolegea tu, asihangaike na kubwa zaidi. Nyingi za sasa huchajiwa kwa waya wa USB, na hilo ni jambo kubwa kwa aliye Matondoni au Kipungani akitegemea sola: taa, simu na bisibisi vyote vinakula kwenye sahani moja.

Ya pili ni drili ndogo ya volti 12. Hii inatoboa na inafunga. Nguvu yake huwa nyutoni-mita 20 hadi 35 kwa mashine za kawaida, uzito wake na betri hukaribia kilo moja, na kichwa chake cha kubana hupokea biti ya mviringo hadi milimita 10. Ndiyo ninayoipendekeza.

Ya tatu ni ya volti 18. Nguvu nyutoni-mita 40, 60 na kuendelea, na nyingi zina kipengele cha kugonga kwa ajili ya saruji. Ni ya mwenye bloku, mwenye kujenga banda, au mwenye kufanya kazi ya mbao kila wiki. Ukipanda ngazi nayo ukafunga skrubu za dari mkono ukiwa juu, uzito wake utaujua.

Kuna na ya nne, impakti, ile yenye kichwa kifupi inayopiga kelele ta-ta-ta inapokutana na ugumu. Nguvu yake inapita nyutoni-mita 100 na haikupindi mkono. Mafundi wa paa wanaipenda kwa haki. Kwa nyumbani ina kasoro mbili: haina klachi ya kweli, kwa hivyo inavunja skrubu ndogo na kupasua kabati za ubao wa unga, na kelele yake kwenye nyumba zinazogusana kuta, saa ya watu kujinyoosha baada ya adhuhuri, itakuletea jirani mlangoni.

Hatua ya tatu: soma betri, usisome boksi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo tukae kidogo.

Betri za lithiamu za mashine hizi zimeundwa kwa seli, na kila seli ina volti 3.6 za kawaida. Ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli moja inakupa ile bisibisi ya 3.6. Seli tatu zinatoa 10.8, ambazo kampuni huziandika 12. Seli tano zinatoa 18. Maandishi ya «20V MAX» unayoyaona kwenye DeWalt za soko la Marekani ni seli zilezile tano zikipimwa zikiwa zimejaa. Ulaya betri ya namna hiyo kampuni hiyohiyo huiita 18. Hakuna aliyedanganywa hapo, ni kupima kwa nyakati mbili tofauti.

Udanganyifu uko kwenye zile zilizoandikwa 48V, 88V au 128V kwa bei ya kutupa. Usibishane na muuzaji. Iombe betri, igeuze, utafute maandishi madogo. Tuseme upande mmoja umeandikwa 48V kwa rangi nyekundu, na chini yake kwa herufi ndogo: 1.5Ah, 27Wh. Wh ni volti mara Ah, kwa hivyo gawanya 27 kwa 1.5. Jibu ni 18. Hiyo ni betri ya seli tano kama nyingine zote, na aliyeandika 48 alijua.

Kama betri haina maandishi hayo, chukua chaja. Kwenye zile mashine za bei nafuu zenye chaja ya waya na pini ndogo ya mviringo, kibandiko huonyesha volti zinazotoka. Ukisoma 21V, gawanya kwa 4.2: seli tano. 16.8V ni seli nne, 12.6V ni seli tatu. Chaja haiwezi kusema uongo huo, kwa sababu ikitoa volti nyingi kuliko seli zinavyostahimili, itaziunguza.

«Ami, hii arubaini na nane mbona chaja yake ni ishirini na moja?»

Muuzaji wa Lamu mwenye haya atacheka na kukuteremshia bei. Mashine yenyewe huenda ikawa nzuri kwa bei hiyo mpya. Seli tano zinafanya kazi. Unachokataa ni kulipia namba.

Herufi Ah ni ujazo, yaani itadumu muda gani kabla ya kuchajiwa tena. Kwa nyumbani 1.5 au 2 zinatosha. Betri mbili za 2Ah zinakufaa kuliko moja ya 4Ah, kwa sababu moja ikichaji nyingine iko kazini, na mashine inakuwa nyepesi mkononi. Kabla ya kulipa, uliza kama betri ya ziada inapatikana peke yake, na kwa bei gani. Betri ndiyo itakayokufa kwanza. Mashine isiyo na betri ya kubadilisha katika duka lolote la Lamu, Malindi wala Mombasa, hata iwe nzuri vipi, ina umri wa betri yake tu. Hiyo ndiyo sababu pekee ninayoiona ya kulipa zaidi kwa Bosch, Makita, Ingco au Total: ukirudi baada ya miaka, umbo la betri bado linaingia.

Mashine za mtumba zenye betri za nikeli-kadmiamu, zile nzito za zamani, ziache hata ukipewa kwa bei ya chai.

Hatua ya nne: ishike mkononi

Nenda dukani na kipande cha mbao na skrubu mbili tatu kutoka kwenye orodha yako. Si aibu. Muuzaji akikataa kukuruhusu ujaribu, nenda duka la pili.

Bonyeza kifyatulio polepole sana. Mashine nzuri huanza kuzunguka pole, kisha huongeza mwendo kadiri kidole kinavyoingia. Ile inayoruka kutoka sifuri hadi kasi yote kwa mshtuko itakuharibia vichwa vya skrubu. Kiachie: biti isimame papo hapo. Funga biti ndefu kichwani, zungusha, uitazame ncha. Ikichora duara hewani badala ya kusimama mahali pamoja, kichwa kimepinda.

Sasa klachi, ile pete yenye namba nyuma ya kichwa. Iweke kwenye 3, funga skrubu fupi kwenye kipande chako cha mbao. Inapokaza, pete iteleze na kutoa mlio wa krrr, skrubu isimame. Panda hadi 8, urudie. Iingie ndani zaidi kabla ya kuteleza. Kama namba zote zinafanya vilevile, klachi ni pambo. Alama ya biti ya kutobolea mwishoni mwa pete maana yake klachi imefungwa, na hapo mashine inatoa nguvu yote.

Swichi ya juu yenye 1 na 2 ni ya mwendo. 1 ni polepole yenye nguvu, mizunguko 400 hivi kwa dakika, ya kufungia skrubu. 2 ni ya kasi, 1,300 au zaidi, ya kutobolea mbao. Mtu akifunga skrubu kwenye 2 kisha akalalamika kwamba mashine haina nguvu, mashine haina kosa.

Mota isiyo na makaa (vile vipande vya kaboni vinavyolika ndani ya mota), inayoandikwa «brushless», hula betri kidogo na haitaki kubadilishwa makaa. Kwa kazi za Jumamosi si lazima. Ukiipata kwa tofauti ndogo, chukua.

Hatua ya tano: chaja na stima yetu

Stima ya Kenya ni volti 240, hezi 50, plagi ya pini tatu za mraba. Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Oman, Dubai au Uingereza itaingia ukutani bila taabu. Ya kutoka Marekani isome kwanza. Kama chaja imeandikwa 120V pekee, ukiichomeka hapa itaungua siku hiyohiyo, na adapta ya plagi inabadilisha umbo la pini tu. Ikiwa imeandikwa 100–240V, haina neno.

Kwa kuwa stima hukatika na kurudi kwa kishindo, chomeka chaja kwenye kile kifaa cha kulindia friji ulicho nacho, na usiiache betri kwenye chaja ukalala. Mwenye inveta ndogo ya sola asome kitabu cha chaja kwanza. Baadhi ya chaja hazipatani na inveta za bei nafuu ambazo mawimbi yake si laini.

Hatua ya sita: biti na skrubu

Drili ya bei ya kati yenye biti nzuri inaishinda ya bei ya juu yenye biti za bure zilizomo ndani ya boksi. Zile za boksi ni chuma laini. Ncha hujizungusha ikawa mviringo kwa muda mfupi, kisha huanza kula vichwa vya skrubu.

Tazama skrubu yako kwa karibu. Msalaba mtupu ni PH. Msalaba wenye vijistari vinne vyembamba katikati ya mikono yake ni PZ. Biti za PH na PZ zinaingiliana lakini hazishikani, na sehemu kubwa ya skrubu zilizochunika vichwa ni za PZ zilizofungwa kwa PH. Nunua PH2 na PZ2 chache za chuma kizuri, PH1 kwa vitu vidogo, bapa moja kwa swichi za zamani, na kishikio chenye sumaku. Kwa kutoboa: biti za mbao za milimita 2, 2.5, 3 na 4, na biti za ukutani za 6 na 8.

Skrubu za kawaida zilizopakwa rangi ya dhahabu hazina maisha hapa. Upepo wa kusi ukivuma miezi michache, dirisha linalotazama bahari litaonyesha machozi ya kutu chini ya kila bawaba. Kwa kazi za nje nunua stenlesi. Ile inayoitwa 304 inafaa sehemu nyingi. Pwani kabisa, penye rasharasha za maji ya chumvi, 316 inastahimili zaidi kwa sababu imechanganywa molibdeni. Kuna bei ya kulipa: stenlesi ni laini kuliko chuma cha skrubu za kawaida, na kwenye mbambakofi hukatika shingo ukilazimisha. Shaba ya njano hukatika upesi zaidi.

Kwa hivyo, unapofunga komeo kwa skrubu za stenlesi za milimita 4 kwenye mbambakofi, fanya hivi. Weka komeo mahali pake, tia alama za matundu kwa msumari. Toboa kwa biti ya milimita 3, mwendo 2, kina sawa na urefu wa skrubu. Funga utepe kwenye biti ujue pa kusimama. Kwenye saiprasi 2 au 2.5 ingetosha. Chukua skrubu ya chuma ya kawaida yenye ukubwa uleule, ifunge mpaka mwisho na uitoe, ili ikukatie njia. Ndipo uipake ya stenlesi nta ya mshumaa, uifunge kwa mwendo 1 na klachi ya chini, ukiongeza namba moja moja mpaka ikae. Zamu ya mwisho imalizie kwa mkono. Watu wengi hupaka sabuni mahali pa nta. Sabuni inateleza vizuri lakini huvuta unyevu, na kwa hewa yetu unyevu ndio tunaoukimbia.

Kuitunza

Hewa ya chumvi haijali bei ya mashine. Iweke ndani ya boksi lake lenye kifuniko, kwenye kabati, mbali na dirisha la baharini. Ukimaliza kazi nje, ifute kwa kitambaa kikavu, pamoja na vile vibati vya betri vinavyogusana na mashine; vikianza kuwa vya kijani, mashine itakata kata kama inayokufa ilhali betri ni nzima. Kichwa cha kubana kipatie tone la mafuta ya cherehani mara moja moja. Betri usiiache juani juu ya paa wala ndani ya dau, na kama hutaitumia mwezi mzima, iache na chaji nusu. Betri iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haichomwi na takataka.

Kuiagiza kutoka nje ya Lamu

Ukiagiza Mombasa, basi litaifikisha Mokowe na mashua itakuvushia. Ifungue gatini mbele ya aliyeleta, ujaribu kifyatulio, usome betri kama nilivyoeleza, ndipo utie sahihi.

Kwa ndege hadi Manda kuna sharti la kujua. Betri za lithiamu za ziada hazipakiwi kwenye mzigo wa chini. Zinabebwa mkononi, kila moja ikiwa imezibwa ncha zake zisigusane na chuma, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege ni Wh 100 kwa betri. Volti 18 mara 4Ah ni Wh 72, inapita. Mara 5Ah ni 90, inapita. Mara 6Ah ni 108, itazuiliwa kaunta bila ruhusa hiyo. Kwa hivyo binamu anayekuja na ndege mwambie achukue mbili za 4Ah badala ya moja ya 6Ah, na mashine yenyewe, ikiwa haina betri ndani, aitie kwenye begi la kupakiwa.